Asekon na Chuma cha Wanaume

Ukitaka kuniona nimepandwa na hasira asubuhi, kabla hata chai haijachemka, njoo hapa kibandani kwangu uniambie, "Mama Wanjugu, kumbe wewe ndiye rafiki wa yule mwanamke aliyeharibiwa na jimu?" Wameniuliza watu wa boda, wameniuliza walimu, hata pasta aliniuliza, tena mkono uko kwenye mandazi yangu. Kila mmoja ameondoka na maneno yake, maana mimi mdomo wangu hauna breki. Basi wacha niyaseme yote mara moja, mwenye masikio asikie.

Mimi si wa huku. Nililetwa Lodwar na dereva wa lori aliyenioa kwetu Nyeri. Dereva akaenda zake na lori lake, mimi nikabaki na joto. Nauza chai karibu na barabara ya kwenda Nawoitorong, na ukuta wa kibanda changu ndio ukuta wa jimu ya Erupe. Ukisikia jimu usifikirie vioo na mashine. Ni ua wa mabati, turubai juu, ekseli za malori kuukuu, na mikebe ya rangi iliyojazwa simiti ndiyo uzito wenyewe. Saa za mchana kile chuma kinachoma hata vijana wanafunga matambara mikononi. Na mimi hapa upande wangu nasikia kila kitu, vyuma vikianguka, wanaume wakinguruma, na Erupe akiwafokea.

Huyu Erupe ni Mturkana wa hapa hapa. Alicheza ndondi Nairobi siku zake, akarudi na pua iliyopinda na imani moja kichwani, kwamba nguvu haina mume wala mke. "Misuli ni misuli, Mama Wanjugu," alikuwa akiniambia. "Chuma haiulizi kama wewe ni mwanamume ama mwanamke. Ni watu ndio wanauliza."

Aliyembishia sana ni Bwana Kipngeno, afisa wa michezo, mtu wa Bomet, mstaarabu, shati limepigwa pasi hata kwa jua hili. Yeye alisema mwanamke ana mazoezi yake na mwanamume ana yake. Mwanamke abebe vyepesi, aruke ruke kidogo, atoe jasho aende nyumbani. Ndiye aliyeleta pale jimu vyuma viwili vidogo vya rangi ya waridi, akasema ni vya akina mama. Akina mama wa ofisini walikuja jioni wakavipungapunga wiki chache, kisha wakapotea. Lakini ubishi ulibaki. Wangekaa kwenye benchi langu, huyu anasema sawa, yule anasema tofauti, chai inapoa, na wote wawili wananitaka mimi niwe hakimu. Nilikuwa nawaambia, ninyi kama mngebeba magunia yangu ya unga badala ya kubishana, ningewaheshimu wote.

Sasa Asekon. Asekon ndiye aliyekuwa ananiletea maji. Kabla jua halijatoka vizuri alikuwa ameshashuka kwenye mchanga wa Kawalase, pale wanawake wanapochimba visima kwa mikono mto ukikauka, akajaza mtungi wa lita ishirini, akauweka kichwani na kuja nao mikono ikining'inia tu kama mtu anayetembea Jumapili. Wangu ukishamwagwa, anarudi kuchota wa hoteli ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Mwembamba, mrefu, shanga zimejaa shingoni hadi kidevuni. Anacheka kwa sauti, hata akiwa na huzuni anacheka.

Na huzuni alikuwa nayo. Mumewe alienda Lowarengak kuvua samaki, akavua na mke mwingine huko huko. Asekon hakugombana. Alikuja Lodwar, akapanga nafasi ya kulala katika chumba cha wanawake wanne Nawoitorong, na msichana wake Akaale akamwacha Lokitaung kwa nyanya yake. Mtoto alikuwa ameanza kung'oka meno ya utoto. Huyo ndiye alikuwa wimbo wa Asekon kila asubuhi. "Mama Wanjugu, mimi nikipata kazi ya mwezi, kazi ya kweli, nachukua chumba yangu, naleta Akaale, anasoma hapa Lodwar." Hakutaka kitu kingine duniani. Mume wa pili hakumtaka, ng'ombe hakuwataka. Alitaka kulala chumba kimoja na mtoto wake.

Siku moja anamwaga maji kwenye pipa langu, tukasikia upande wa pili wanaume wakihangaika. Longor, yule kijana mnene wa mabega, shujaa wao, alikuwa ameshindwa na chuma, na wenzake wanampigia makofi ili kisimwaibishe. Asekon akachungulia mlangoni, mimi nyuma yake na kikombe cha mteja, akacheka kicheko chake chote. Erupe akageuka. "Wewe unacheka nini? Kuja ujaribu!" Alidhani anatania. Asekon akaingia na malapa yake, akakitazama kile chuma pande zote kama mtu anayekagua mbuzi sokoni, akainama, akakiinua. Akasimama nacho wima. Kisha akauliza, "Naweka wapi?"

Ngai! Nilimwaga chai ya mteja.

Tangu hapo Erupe hakulala. Alimfuata hadi kisimani akimbembeleza aje afanye mazoezi. Alipokuja, Bwana Kipngeno akiwepo alimwonyesha vile vyuma vya waridi. Asekon akavishika, akavirudisha chini kwa adabu kama vikombe vya mgeni. "Hii ya rangi ya maua mimi sitaki. Nipatie ile ya Longor." Erupe alipiga paja lake kwa furaha. Na akampa. Alimpa kila kitu kama Longor: siku za kuchuchumaa na ekseli mabegani, siku za kuinua kutoka chini, siku nzito, siku nyepesi, Jumapili ya kupumzika. Alijisifu nazo hizo habari mji mzima. "Kwangu hakuna mazoezi ya wanawake. Ni sawa sawa." Asekon akavua shanga zake ili ekseli ikae mabegani, na wanawake wa Nawoitorong wakamuuliza nani amekufa, maana huku mwanamke havui shanga zake hivi hivi. Akawacheka tu. Alizivaa tena akitoka, kila siku.

Ndipo habari za Kakuma zikaja. Kulikuwa kunafunguliwa kituo kipya cha michezo kule, cha wenyeji na wakimbizi pamoja, na kilitaka walimu wawili wa mazoezi ya nguvu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Mshahara wa kila mwezi, na chumba cha kuishi ndani ya ua. Msimamizi akawa nani? Bwana Kipngeno. Wazo la mwalimu mwanamke halikutoka kwake, lilitoka kwa wafadhili, lakini alikubali. Angefanya mashindano: atakayeshinda kwa wanaume apate kazi, atakayeshinda kwa wanawake apate kazi.

Chumba ndani ya ua! Asekon alikuja kwangu akiwa roho juu juu, akanishika mabega hata nikaumia. "Mama Wanjugu, umesikia? Chumba! Na shule iko karibu!" Nikamwambia, basi nenda ukakichukue.

Na alifanya kazi, jamani. Sijaona mtu aliyefanya kazi namna ile. Ila kuna mambo mawili, na haya ndiyo yananiuma hadi leo.

La kwanza ni mbuzi. Erupe alipenda vijana wake washibe vizuri, kwa hivyo kila Jumamosi walichanga wakachinja mbuzi huko kando ya mto. Na Erupe, pamoja na Nairobi yake yote, kwenye nyama ni Mturkana kamili. Wanaume wanakaa nusu duara mchangani, mkubwa wao anakata, kila mtu anapewa kipande chake kwa mkono. Mwanamke hakai pale. Hakuna anayemfukuza, hakuna anayemtukana, ila hakai. Sehemu yake inatengwa, anapelekewa. Asekon alipelekewa yake kwenye mfuko wa karatasi, kichwa na matumbo na kipande cha shingo, na Longor mwenyewe ndiye aliyemletea kwa heshima zote. Unafikiri aliila? Aliikata vipande vyembamba, akaianika juu ya mabati ya nyumba, na jua la huku usilichezee, ikikauka anaipeleka stendi kwa gari la Lokitaung. Ya mtoto. Mwenyewe alirudi kwangu akanywa chai ya sukari nyingi, basi. Nikimpa mandazi, anakunja moja anatia kitambaani.

La pili ni maji. Jumapili Erupe aliandika ukutani kwa chaki: KUPUMZIKA. Longor alilala mchana kutwa kama mfalme. Asekon naye alitii, hakugusa chuma. Alibeba maji tu. Na Jumapili hoteli zinajaa, watu wametoka kanisani, kwa hivyo alibeba kuliko siku nyingine yoyote. Kwake hiyo haikuwa kazi ya nguvu, na kwa Erupe pia haikuwa. Ni maji. Wanawake wote wanabeba maji. Nani huhesabu maji?

Uso ulianza kuingia ndani. Macho yakawa makubwa. Nguvu ilikuwepo, lakini alianza kushika nyonga akitembea, mkono pale, anauondoa akiona namtazama. Nikauliza. "Ni kuzeeka," akasema akicheka, na yeye hata thelathini hajafika. Alienda duka la dawa akanunua vidonge vya maumivu, akavimeza kwa chai yangu.

Siku moja, tumebaki wawili, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba ile hali ya wanawake ya kila mwezi imeacha kuja. Haiji tangu kabla ya mvua. Mimi nikaruka: "Alaa! Ni ya nani hiyo mimba? Usiniambie ni Longor!" Tukacheka hadi machozi. Hakuna mimba, akasema, hana mwanamume, hana hata nafasi ya kukaa na mwanamume. Mwili umeamua kupumzika. Aliona ni bahati, alikuwa amepunguziwa kazi moja. Nikamwambia amwone daktari, akasema akitoka Kakuma. Nikamwambia basi mwambie kocha wako. Aliniangalia kama nimemwambia avue nguo sokoni. Amwambie Erupe habari hizo? Mwanamume? Ng'o! Na Erupe naye angesikia hilo neno angeziba masikio akimbie. Alijua kumuuliza Longor kama bega linauma. Hilo jingine halikuwa kwenye orodha ya mambo ambayo kocha anaweza kumuuliza mtu.

Tulienda Kakuma na pikapu ya kukodi, mimi nikakaa mbele na majiko yangu, maana nilijua palipo na watu pana kiu ya chai. Asekon alikaa nyuma na vijana juu ya mifuko. Njia nzima alikuwa akiwaonyesha wapi atamsomesha Akaale, na hajawahi hata kuiona hiyo shule.

Kule tulikutana na Adhar, msichana wa Sudani Kusini wa kambini, mrefu hata kumshinda Asekon, mweusi wa kung'aa, mpole. Huyu ndiye alikuwa mpinzani wake. Chakula cha mgao kambini kilikuwa kimepunguzwa, kila mtu alikuwa analia njaa, na nilidhani nitamkuta amekonda kama uzi. La. Kocha wake Manyok alikuwa amewakusanya wachezaji wake, kila mmoja analeta kidogo chake, maharage, unga, wanapika chungu kimoja, na wanakula kwenye sinia moja, wasichana na wavulana, vichwa vimekutana katikati. Tena wiki ile yote Adhar alikuwa amepumzishwa. Erupe aliposikia alicheka. "Wanamdekeza kama yai. Wangu amenyanyua mpaka jana."

Jioni Erupe akanunua mbuzi. Kama kawaida wanaume wakashuka kando ya mto Tarach, wakakaa nusu duara. Kama kawaida mfuko ukaletwa. Tulikuwa tumeketi na Asekon kwenye jiwe karibu na majiko yangu, na Adhar amekuja kutusalimia, "ejok, ejok", amejifunza Kiturkana kidogo. Akaona Asekon anafunga ule mfuko kamba vizuri na kuuweka chini ya nguo zake. Akamuuliza kwa Kiswahili chake cha kambi, "Dada, wewe hapana kula?"

"Nitakula nikishinda," Asekon akasema.

"Lakini kesho ni kesho. Tumbo ni leo."

Mimi nikamjia juu. "Asekon, kula hiyo nyama! Mtoto hatakufa Jumamosi moja!" Akaniangalia bila kucheka, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliona uso wake bila kicheko. "Mama Wanjugu, ile siku yeye atakula na mimi nikiwa hapo, mimi pia nitakula. Sasa nikiweka kwa mdomo haipiti." Nilimkaangia chapati. Alikula nusu, nadhani kunifurahisha mimi.

Kesho yake watu walijaa. Vijana walikuwa wanapiga kelele kwa lugha zote za dunia. Longor alishinda upande wa wanaume, na Wakongo walimshangilia kana kwamba ni ndugu yao. Bwana Kipngeno alikuwa mbele na kofia yake, anapiga makofi ya kiofisi.

Wanawake wakabaki wawili, maana wengine walishindwa mapema. Adhar anainua, Asekon anainua. Wanaongeza mkebe huku, mkebe kule. Adhar anainua. Asekon anainua, na safari hii nikaona amefumba macho na mguu wa kulia unatetemeka. Nilitaka kupiga kelele waache. Erupe naye alikuwa anaruka ruka, shingo imetoka mishipa, "Sawa na Longor! Hii ni ile ya Longor! Unaiweza!" Na kweli ilikuwa ile ya Longor. Adhar alikuwa ameijaribu akaiacha chini, akatikisa kichwa. Asekon akiinua hii, kazi ni yake, chumba ni chake.

Akainama. Chuma kikatoka chini, kikafika magotini, kikapita magoti. Ndipo kikasikika kitu kama kuni kavu ukizivunja kwa goti, na Asekon akaketi chini polepole, kama mtu aliyekumbuka amechoka, na chuma kikamdondokea kando. Hakulia. Alijaribu kusimama. Alijaribu tena, woi, alijaribu kushika kile chuma tena akiwa ameketi, na Adhar ndiye aliyemkimbilia wa kwanza, akamkumbatia mikono ili aache.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alipasuliwa, akawekewa vyuma vingine ndani, na mguu ukatoka mfupi kuliko mwenzake. Daktari alituita, mimi na Erupe, na kutuuliza maswali. Anakula nini? Analala saa ngapi, anafanya kazi gani nyingine? Mimi nikasema, anabeba maji. Kiasi gani? Nilipomwambia, daktari aliacha kuandika. Kisha akauliza lile swali jingine, na mimi nikalijibu, kwa sababu Erupe alikuwa ameshatazama ukutani. Daktari akasema mfupa ule ulikuwa umepasuka muda mrefu kabla ya Kakuma, ufa mdogo uliokuwa ukikua. Akasema kubeba vizito si tatizo, wanawake wanabeba na wanapata mifupa mizuri. Mwanamume naye ukimfanyisha hivyo bila chakula na bila kupumzika atavunjika. Lakini mwanamke mwili wake humwonya mapema, siku zake zikikatika hiyo ni kengele, na mtu anayemfundisha lazima awe amemuuliza.

Erupe alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Nilimfuata, maana sikuwa na huruma hata chembe. "Nilimpa sawa!" akaniambia, na sauti ilikuwa imekatika. "Mama Wanjugu, mbele ya Mungu, nilimpa sawa kabisa na wanaume!"

"Ulimpa chuma sawa! Nyama ulimpa sawa? Jumapili ulimpa sawa?"

"Ile nyama ni desturi. Si mimi nilianzisha."

"Na nani alianzisha Asekon kubeba ekseli ya lori? Si wewe? Hapo desturi ilikuwa imeenda wapi?"

Analia, mwanamume mzima mwenye pua iliyopinda. Machozi yake hayakunisaidia kitu.

Na kama ingeishia hapo ningesema ni mkosi, tukaze moyo. Haikuishia hapo. Bwana Kipngeno alikuja hospitalini na matunda, akasimama kando ya kitanda kwa heshima, akatuambia kituo kimefikiria tena. Ile nafasi ya mwalimu wa kike imeondolewa. Longor anaanza kazi, na watatafuta mwanamume wa pili. Kwa akina mama wataweka darasa la vile vyepesi, mara moja kwa wiki, na mwanamume yeyote anaweza kulisimamia.

"Na Adhar?" nikauliza. "Adhar ndiye aliyebaki amesimama! Adhar hajavunjika hata ukucha!"

"Mama, hata huyo nisingependa nimwone kwenye kitanda kama hiki," akasema, na alimaanisha, ndicho kinachoniudhi, alimaanisha kabisa. "Nilisema tangu mwanzo. Mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa hayo. Sasa tumeona kwa macho."

Asekon alikuwa amelala ametazama juu. Tulidhani amesinzia kwa dawa. Akasema, "Mwambie haikuvunjika juu mimi ni mwanamke. Ni njaa ndio ilivunja." Aliniambia mimi, ingawa Kipngeno alikuwa karibu naye kuliko mimi. Nikamgeukia Kipngeno nikamwambia, umesikia? Akamgusa Asekon mkono akasema, "Pole sana, mama. Pumzika." Akaenda. Darasa la vile vya waridi lilianza mwezi uliofuata, na Adhar nasikia sasa anaosha vyombo kwenye mkahawa wa Mhabeshi.

Kwa hivyo ubishi ule wa benchi langu umekwisha. Kipngeno ameshinda, kila mtu Lodwar anakwambia ameshinda, mifano wanayo. Erupe ameandika mlangoni kwamba wanawake waje kwa barua ya daktari, na haji hata mmoja. Na mimi niliyekuwa na mdomo mkubwa, mdomo umenisaidia nini? Nawajibu wateja, wanacheka, wanakunywa, wanaenda.

Asekon yuko Nawoitorong, anatembea na fimbo hadi mlangoni na kurudi. Kubeba maji hawezi tena maisha yake yote. Wale wanawake wenzake walichoka kumlisha, na siwalaumu, wana wao. Basi nyanya huko Lokitaung akafanya alichoona ni sawa, akamleta Akaale. Ndiyo, mtoto amekuja. Analala chumba kimoja na mama yake, kama alivyotaka. Shule hajaenda, kwa sababu asubuhi anashuka Kawalase na mtungi, lita kumi kwa sasa, ananiletea mimi, kisha hoteli ya kwanza, kisha ya pili. Nilikataa maji yake siku ya kwanza. Mama yake akanitumia ujumbe kwamba nikikataa watalala njaa. Nikayapokea.

Juzi Erupe alikuwa kwenye benchi langu, peke yake, siku hizi hukaa peke yake. Akaale akaja, akamwaga maji, akauweka mtungi mtupu kichwani na kugeuka kurudi mtoni, mikono ikining'inia. Erupe akamfuata kwa macho, na kwa mara ya kwanza tangu Kakuma nikaona uso wake umefunguka kidogo. "Angalia ile shingo," akasema. "Angalia vile anatembea. Huyu ana nguvu ya mama yake. Mwaka ujao namwanzisha mazoezi pole pole, na safari hii nitafanya vizuri, Mama Wanjugu. Safari hii nitafanya vizuri."

"Amekula?" nikamuuliza.

"Nani?"

"Huyo mtoto. Kabla hujaniletea habari za shingo. Amekula leo?"

Alitazama barabarani, lakini msichana alikuwa ameshapinda kona. Akaniangalia mimi, akidhani najua. Sikujua.